Phiona alipata wapi ujasiri?

Leo tunazungumzia sinema, ila usidhani tunapoteza muda. Tutamchukua mtu mmoja ndani ya sinema, tumchunguze mwenendo wake jinsi daktari anavyomchunguza mgonjwa: kwa nini anaogopa, kwa nini anathubutu, nani anamtia nguvu na nani anamvunja moyo. Elimu ya mambo hayo inaitwa saikolojia, na huhitaji kufika chuo kikuu ndipo uanze kuitumia.

Sinema yenyewe ni Queen of Katwe, yaani Malkia wa Katwe. Ilitoka mwaka 2016 na iliongozwa na Mira Nair. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa Kampala aliyekuwa akitembeza mahindi mitaani, halafu akaja kuwa bingwa wa sataranji. Madina Nalwanga anaigiza Phiona, Lupita Nyong'o anaigiza mama yake, Harriet, na David Oyelowo anaigiza kocha, Robert Katende. Mtu wa Bukoba akiiangalia picha hii hajisikii mgeni hata kidogo. Ukipanda basi asubuhi, ukavuka Mutukula, ukapita Masaka, siku hiyo hiyo unaingia Kampala. Matope, pikipiki za abiria, akina mama na mabeseni kichwani, mvua isiyopiga hodi: si yale yale ya kwetu Bilele?

Vijana wengi wakimaliza kuitazama husema, "Yule binti ana kipaji bwana!" Basi mazungumzo yanaishia hapo. Ni kweli, kipaji anacho. Lakini watoto wangapi wenye vipaji unawafahamu mtaani kwenu ambao hawakufika popote? Kipaji bila ujasiri wa kukitumia ni sawa na redio isiyo na betri. Kwa hiyo swali letu ni lingine. Msichana asiyejua kusoma, anayechekwa kwa kunuka, aliyezoea kulala njaa, alipata wapi ujasiri wa kukaa mezani mbele ya wavulana wa shule kubwa na kuwashinda?

Tumwangalie mama kwanza

Harriet ni mjane. Ana watoto wanne: Night ndiye msichana mkubwa, halafu Phiona, Brian, na mdogo wao Richard. Kodi ya chumba inamshinda. Biashara yake ni ya mboga, na mboga haziuziki kila siku. Wanaume wa kumsaidia kwa malipo unayoyajua wapo, na yeye anawakataa. Kwa watoto ni mkali kama pilipili. Anapopata habari kwamba Phiona na Brian wanakwenda kucheza mchezo fulani kwa mwanamume asiyemjua, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye kamari. Maza gani wa huku kwetu asingefikiria hivyo?

Ni rahisi kumwita mama huyu kikwazo. Sinema nyingi zina mtindo huo: mzazi mbaya, mwalimu mwema, mtoto anamkimbia wa kwanza na kumfuata wa pili. Nashukuru kwamba hii haikufuata njia hiyo. Ukimtazama Harriet kwa makini, usisikilize kufoka tu, angalia na mikono yake inafanya nini. Kuna mahali anauza vitambaa vyake vizuri, vile ambavyo mwanamke huvitunza kwa siku ya sherehe, ili anunue mafuta ya taa, mtoto apate mwanga wa kusomea usiku. Hasemi neno "nakupenda". Anawasha taa.

Tena Harriet ana jambo moja kubwa: anamjua mtoto wake. Phiona anaposafiri hadi Sudan kwenye mashindano, analala pazuri, anakula vizuri, kisha anarudi nyumbani amebadilika, hataki kazi za ndani, kila kitu cha Katwe anakiona kichafu. Mama ndiye anayeliona tatizo mapema kuliko wote, na anakwenda kumweleza kocha wazi. Hofu yake ni ya maana sana: umemwonesha mtoto wangu maisha mengine, asipoyapata atakaa wapi, maana huku nako hapataki tena? Wewe uliyetoka kijijini Muleba ukaenda kusoma shule ya bweni mkoa mwingine, nadhani unaifahamu hali hiyo. Ukirudi likizo, chakula ni kile kile, ila mdomo umejifunza kulalamika.

Kila mtumbwi una mwalo wake

Sasa tuingie kwenye saikolojia yenyewe, na kumbe hatuendi mbali. Mwaka 1954 mtaalamu mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mama huyo hakutaka kukaa bure. Akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na mji, kila baada ya wiki mbili, kwa muda wa saa mbili hivi, akiwa na mkalimani. Hakubeba mashine ya kupima ubongo. Alikaa sebuleni mchana na akina mama wa Kiganda, wakaongea, huku yeye akiwatazama watoto wachanga wanavyofanya. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967, na hadi leo kinatajwa vyuoni duniani kote. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema saikolojia ni mambo ya Wazungu, mwambie sehemu moja kubwa ya elimu hiyo ilianzia kwa majirani zetu, kwenye vyumba vya nyumba zilizozungukwa na migomba.

Alichokiona hata wewe umekiona, ila pengine hukukitilia maanani. Mtoto anayetambaa humwacha mama yake barazani, akaelekea kwenye jani, kuku au sufuria. Akifika mbali kidogo anageuka nyuma: mama bado yupo? Yupo. Basi anaendelea. Ghafla anatokea mgeni, au mbwa anabweka. Mtoto anarudi mbio, anamkumbatia mama, analia kidogo, anatulia. Baada ya muda yule yule anashuka tena na kwenda mbali zaidi ya mwanzo.

Umeona ajabu yake? Watu hudhani mtoto aliyeshikamana na mama yake atakuwa mwoga, wa kung'ang'ania gauni. Ainsworth aliona kinyume chake. Aliyekuwa na uhakika na mama yake ndiye aliyethubutu kwenda. Waliolia hovyo hata mama akiwa karibu walikuwa wale ambao mama zao wamelemewa na shida zao, au hawana uhakika kama mama atakuwepo. Na akagundua kitu kingine kinachonifurahisha: ukimwuliza mama habari za mwanawe, akikueleza mengi na kwa undani, analala vipi, anapenda nini, anaogopa nini, basi mara nyingi mtoto wa mama huyo alikuwa ametulia. Hapo ndipo nilipomkumbuka Harriet.

Sisi watu wa ziwani tuna neno zuri la kuelezea jambo hili. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku, anakwenda mbali hadi taa yake inaonekana kama nyota. Anathubutu kwa sababu anajua uko mwalo atakaorudi, ambako kuna watu wanamsubiri, kuna moto, kuna pa kutengenezea chombo. Mtumbwi usio na mwalo hauendi mbali kuvua, unatangatanga tu. Basi mtu anayekupa uhakika wa kurudi, huyo ni mwalo wako. Mwingereza John Bowlby, aliyefanya kazi na Ainsworth, alieleza kwamba haja hiyo haiishi mtu anapoacha kutambaa. Tunakuwa nayo kuanzia siku ya kuzaliwa mpaka uzeeni.

Ndani yetu hofu na udadisi ni kama mizani. Upande mmoja ukizama, mwingine unapanda. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ile ile Queen of Katwe ilipooneshwa kwa mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, ardhi ilitetemeka hapa Bukoba. Nyumba zilianguka, watu walipoteza maisha, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Kama ulikuwa hapa, hata kama ulikuwa mdogo, jaribu kukumbuka: ulimkimbilia nani? Jina lililokujia kichwani sasa hivi, kabla hujafikiri, ndiye mwalo wako wa wakati ule. Na jiulize tena, jioni ile kuna mtoto aliyekuwa na hamu ya kufanya hesabu? Hakuna. Hofu ikipanda, akili ya kujifunza inafunga duka.

Ndiyo maana utamkuta mwanafunzi mwenye akili nzuri anatazama ukurasa mmoja wa Biolojia saa nzima na hakuna kinachoingia. Mwalimu anamwita mvivu. Kumbe usiku baba na mama walipigana, au kuna mgonjwa nyumbani, au amefukuzwa kwenye chumba alichopanga. Tetemeko lake haliandikwi kwenye magazeti.

Rudi sasa kwenye sinema, pale Katende anapowapeleka watoto wa Katwe kwenye mashindano katika shule ya King's College Budo. Ni shule ya watoto wa wakubwa. Usiku wanapewa vitanda vizuri, kila mtu na chake. Wanafanyaje? Wanaviacha, wanashuka na kulala sakafuni, wamebanana kama walivyozoea nyumbani. Ukicheka tu, hujaielewa sehemu hiyo. Wale watoto walikuwa wametetemekewa na ardhi, wakajitengenezea mwalo mdogo kwa miili yao wenyewe. Kesho yake Phiona akaingia uwanjani na kushinda.

Night na yule mwenye pikipiki

Wasichana wengi humsema vibaya dada yake Phiona. "Night alijitakia mwenyewe." Taratibu jamani. Night ni mkubwa, kwa hiyo amekula shida nyingi kuliko wadogo zake. Anaona mama anahangaika, anaona siku zinapita. Anatokea mwanamume, Theo, ana pikipiki, ana pesa, anamwambia yeye ni mzuri. Anaondoka naye. Baadaye anarudi ana mimba, na mwenye pikipiki hayupo.

Tukitumia ile elimu yetu, Night alikuwa anatafuta kitu kile kile alichokipata Phiona: mtu wa kumwambia "wewe ni wa thamani, na mimi nipo". Haja hiyo si dhambi, kila binadamu anayo. Ila kuna watu wanaojifanya mwalo na kumbe ni wavu. Na kwa mbali vinafanana! Vyote viwili viko ufukweni.

Utavitofautishaje? Mwalo unakuacha uende na kurudi. Mtu aliye mwalo kwako anafurahi ukifaulu, anakuuliza masomo yanaendaje, hakukatazi kuwa na marafiki, na ukimwambia "hapana" bado ni yeye yule kesho. Wavu unabana kadiri unavyotikisika. Leo amekununulia chipsi na vocha, kesho anataka kujua ulikuwa na nani, keshokutwa hataki uende prepu, halafu anakudai malipo kwa mwili wako. Ukikataa anakukumbusha kila shilingi aliyotoa. Wanaofanya hivyo si wenye pikipiki tu, tusiwaonee; wapo wenye magari, wapo wenye ofisi, wapo na wenye chaki mkononi.

Wewe mvulana usijione umepona hapa. Ukimkagua rafiki yako wa kike simu kila jioni na kumnunia akiongea na wenzake darasani, wewe ni upande gani, mwalo au wavu? Na ukweli mwingine ni kwamba wavulana nao wanatafuta mwalo, ila wamefundishwa kuona aibu kusema. Basi wanautafuta kwenye kijiwe, kwenye bangi, kwenye konyagi ya kufungiwa. Kikundi kinakupokea vizuri siku ya kwanza, noma inaanza siku unayotaka kutoka.

Night aliporudi, mlango haukufungwa. Harriet alikuwa na hasira, na alikuwa na uchungu, lakini binti akaingia ndani. Naona hilo ni jambo la ujasiri kuliko ushindi wowote wa sataranji. Kama na wewe yamekukuta, usijifiche mpaka mambo yaharibike. Nenda kituo cha afya upime mimba na virusi vya UKIMWI, maana matibabu yapo na ni bure. Kama kuna mtu aliyekulazimisha, nenda hospitali mara moja, kabla saa 72 hazijaisha, kwa sababu kuna dawa za kuzuia virusi zinazofanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo tu. Na shule haijaisha: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya mimba warudi darasani.

Kocha mwenye uji

Phiona hakuvutwa na sataranji, alivutwa na uji. Katende alikuwa na darasa la mchezo huo kwenye kanisa moja, na waliokuja walipewa kikombe. Siku ya kwanza watoto wanamcheka Phiona kwamba ananuka, naye anawarukia kwa ngumi. Angekuwa kocha mwingine angemfukuza. Huyu anaona kwamba mtoto anayejitetea hivyo ana kitu ndani yake. Kesho yake Phiona anarudi, ameoga.

Nani alimfundisha kete zinavyotembea? Si kocha. Ni kasichana kadogo kanakoitwa Gloria, kalikomwonesha jinsi kete ndogo kabisa, askari, inavyoweza kusonga mbele hadi mwisho wa ubao na kugeuka malkia. (Aliyeigiza Gloria, Nikita Waligwa, alifariki Februari 2020 kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 15. Watu wengi Uganda walilia.)

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" haitokani na kuambiwa maneno matamu. Kwanza inatokana na kufanya kitu kidogo na kukiweza, halafu kikubwa kidogo, halafu kikubwa zaidi. Pia inatokana na kumwona mtu wa hali yako akikiweza. Ukimwona bingwa wa Urusi anashinda unasema "yule ni yule". Ukimwona Gloria wa mtaa wako, mwenye kaptula iliyochanika kama yako, unasema "kumbe hata mimi". Maneno ya kutia moyo yanasaidia, lakini yakitoka kwa mtu unayemwamini na yakifuatana na vitendo. Katende hakumwambia Phiona siku ya kwanza kwamba atakuwa bingwa. Alimpa uji, kisha kete, kisha mpinzani wa kumweza, kisha wa kumtoa jasho.

Ndipo inakuja Urusi. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, kule Siberia, kwenye mashindano makubwa ya dunia ya sataranji. Baridi kali, watu wageni, wapinzani waliofundishwa tangu utotoni. Akapigwa. Kwenye sinema anarudi Kampala amekunjika kama nguo mbichi, hataki kuona ubao, anabeba tena mahindi yake.

Hapa nataka usimame kidogo, maana kila mwanafunzi aliyewahi kufeli mtihani yumo humu. Kuna namna mbili za kujieleza baada ya kushindwa. Ya kwanza: "nimeshindwa mchezo huu". Ya pili: "mimi ni mtu wa kushindwa". Maneno yanakaribiana, lakini ya kwanza yanaacha mlango wazi na ya pili yanaufunga kwa kufuli. Phiona alikuwa ameingia kwenye ya pili. Na huwezi kumtoa mtu huko kwa kumpigia kelele "jikaze!" Katende anamsimulia maisha yake mwenyewe, jinsi alivyompoteza mama yake, jinsi alivyoona hana pa kushika. Anamwonesha kovu lake. Kwa kufanya hivyo anamwambia bila kusema: umeanguka, na mimi bado nipo hapa hapa. Phiona wa kweli alirudi ubaoni, na mwaka 2012, baada ya mashindano ya Istanbul, alipata cheo cha kimataifa cha wachezaji wanawake.

Na asiye na mama je?

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo wa makala hii anasononeka. "Mnaongea mama, mama. Mimi wangu hayupo." Mkoa wetu unalijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilijaza vibanja vyetu makaburi na watoto yatima. Watafiti waliofuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huu tangu mwaka 1991 walikuta kwamba watoto waliofiwa na mama walikua wakiwa wafupi kwa sentimita 2 hivi, na walikosa kama mwaka mmoja wa shule, wakilinganishwa na jinsi ambavyo wangekuwa. Kwa hiyo hatusemi maumivu ni ya kufikirika. Yanaonekana mpaka kwenye mifupa.

Lakini Ainsworth mwenyewe aliona kule vijijini kwamba mtoto hashikamani na mama peke yake. Kuna aliyemkimbilia bibi, kuna aliyemkimbilia baba au dada mkubwa. Kwa maoni yangu wataalamu wa Ulaya walichelewa kulitilia mkazo jambo hilo, kwa sababu kwao mama hulea akiwa amejifungia na mtoto. Huku kwetu mtoto hupita mikono mingi, na mkono wowote unaorudi kila siku unaweza kuwa mwalo.

Ushahidi uko Nshamba, wilayani Muleba. Mwaka 1997 ulianzishwa huko mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Waliona kwamba yatima hupewa daftari na sare, na hakuna anayemwuliza moyo wake unaendeleaje. Wakawafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Halafu yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa wanakutana, wanafanya miradi yao midogo, wanatembeleana mmoja wao akiugua au akifiwa. Mwaka 2003 ukaja mradi wa Kwa Wazee, ukiwapa mabibi na mababu wanaolea wajukuu kiasi kidogo cha pesa kila mwezi. Kwa nini bibi apewe pesa wakati anayetakiwa kusoma ni mjukuu? Fikiria kidogo habari za mafuta ya taa ya Harriet, utapata jibu. Mlezi asiye na chumvi wala sabuni analemewa, na mwalo uliolemewa haupokei mitumbwi.

Kama unahisi huna mtu, anza na swali dogo: ni mtu mzima gani, hata mmoja, anayekumbuka ulichomwambia wiki iliyopita? Inaweza kuwa shangazi, mwalimu wa malezi, muuza duka mnayesalimiana kila siku, muuguzi wa zahanati. Mpelekee jambo dogo kwanza, uone anavyolishika. Akilitangaza, usimpe kubwa. Akilitunza, umepata pa kuanzia. Na kama nyumbani kwenyewe ndiko kwenye hatari, piga 116, simu ya watoto, ni bure na utasikilizwa.

Mkipata nafasi ya kuitazama Queen of Katwe shuleni, usiondoke majina yanapoanza kupita. Mwishoni kabisa kila mwigizaji anatokea akiwa amesimama na mtu wa kweli aliyemwigiza. Gloria na Gloria, Katende na Katende. Subiri zamu ya Lupita Nyong'o, uone na mama aliyesimama pembeni yake. Ni Harriet mwenyewe.